Kabla ya Kununua Feni, Angalia Dari

Ingia kwenye chumba cha bati kisicho na dari pale Bariadi mkoani Simiyu, saa kumi jioni mwezi Oktoba, mvua zikiwa bado zinasubiriwa. Nyoosha kiganja juu ya kichwa. Utahisi joto linashuka, na hiyo si hewa ya moto, maana hewa ya moto hupanda. Ni bati lenyewe, lililopigwa na jua tangu asubuhi, linarusha joto chini kama jiko lililogeuzwa kifudifudi. Feni haizuii joto hilo, inazungusha tu hewa.

Njoo Julai sasa. Anga ni jeupe, hakuna wingu, na usiku bati lile lile hupoa haraka sana. Kufika alfajiri watoto wamejikunja chini ya blanketi. Wenyeji hulalamikia joto na baridi kama shida mbili tofauti, wakati chanzo kikubwa cha zote mbili ni bati, na dari inazipunguza zote. Misonge ya nyasi ya Wasukuma haikuwa na shida hiyo kwa sababu nyasi nene hushika hewa katikati yake. Kurudi huko si rahisi: nyasi nzuri hazipatikani ovyo, zinahitaji kubadilishwa, na cheche moja inatosha kuteketeza nyumba.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye dari. Jipsamu ni nzuri, ila haipatani na maji. Ziba kwanza matundu ya misumari kwenye bati. Mbao nyembamba, mikeka au matete yaliyofumwa vizuri pia hufaa. Sandarusi zilizoshonwa pamoja husaidia kidogo, lakini zinashika moto, hivyo zisikaribie kibatari wala nyaya za umeme. Juu ya dari acha matundu mawili yanayotazamana, kwenye kuta za pembetatu zinazofika mgongoni mwa paa, ili hewa ya moto itoke. Yazibe kwa wavu wa chuma, la sivyo popo watahamia. Mwenye uwezo atandike foili inayong'aa chini ya bati, akiiachia nafasi ya hewa. Ikikosa nafasi hiyo haizuii joto.

Na kwa kuwa Simiyu ni mkoa wa pamba, usishawishike kujaza pamba ya shambani juu ya dari. Inawaka upesi, na mbegu zake ni karamu ya panya.

Rangi ya bati nayo ina gharama yake. Mabati ya maruni na bluu iliyokolea yanapendeza, sikatai, lakini yanameza jua. Jeupe au la rangi ya maziwa hurudisha sehemu kubwa ya miale. Bati kuukuu lililopata kutu linaweza kusuguliwa na kupakwa rangi nyeupe ya mabati.

Anayeanza ujenzi ana nafasi ambayo wengine wameikosa: kuelekeza nyumba. Bariadi iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua la mchana huwa karibu na utosi mwaka mzima. Ukuta wa kaskazini na wa kusini hukingwa kwa urahisi. Upenu wa sentimita 60 hushusha kivuli cha zaidi ya mita moja ukutani wakati wa jua kali la mchana, hata Juni. Jua la jioni ndilo korofi, kwa kuwa linaingia chinichini na upenu hauliwezi. Basi urefu wa nyumba ulale mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, na upande wa magharibi upewe stoo, bafu au ukuta usio na dirisha. Ukirefusha upenu, mwambie fundi afunge kenchi sawasawa kwenye ukuta. Upepo wa mvua za kwanza hupenda kuingia hapo na kung'oa paa.

Kuta nene za tofali za udongo huchelewa kupata joto na huchelewa kulitoa. Msimu wa joto, funga madirisha na mapazia jua likiwa kali, kisha fungua kila kitu usiku hewa ikipoa, kuta zilale zikipoa. Hilo linawezekana tu kama madirisha yana wavu wa mbu. Ule mwanya kati ya ukuta na paa, ambao wengi huuacha kwa ajili ya hewa, ndio njia ya mbu wa malaria. Uzibe kwa wavu pia. Msimu wa baridi fanya kinyume: acha jua liingie mchana, funga mapema jioni. Lakini jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala hata kwa dakika chache, kwani hewa yake yenye sumu haina harufu na huua watu usingizini.

Upande wa magharibi panda mwarobaini, mita tano hivi kutoka ukutani ili mizizi isisumbue msingi. Miche ipandwe mvua za Novemba zikishika, na izungushiwe miiba, maana mbuzi wa jirani hawasubiri ikue.