Dondoo muhimu: Kukalisha mbao ya bunduki kongwe ya Lee-Enfield

Mwenye kumiliki kwa leseni bunduki kongwe ya shabaha aina ya Lee-Enfield, naye makazi yake ni Isongole, ambako ukungu na mvua za Rungwe huivimbisha mbao, na ahakikishe kwanza kwamba bunduki haina risasi, kisha aiache mbao mpya izoee hewa ya nyumba kabla ya kuichonga.

Chuma cha bunduki akipake masizi ya kibatari yaliyochanganywa na mafuta, akikalishe ndani ya mbao, kisha akitoe. Palipobaki weusi kwenye mbao ndipo pa kukwangua, kwa patasi kali na kwa subira.

Lililo muhimu kuliko yote ni mbao ya mbele kushika sawasawa pande zote mbili huko nyuma ipokeako mshindo wa kufyatua. Ikishika upande mmoja tu, hupasuka.

Amalizie kwa mafuta ya kitani, hasa kwenye ncha zilizokatwa, kwani ndizo zinywazo maji upesi.