KOO LA MTOTO, MOYO WA KIJANA

Wafanyakazi na jamaa zenu, safari hii tuongee juu ya ugonjwa unaoanza kooni na kumalizikia moyoni. Waganga wanauita homa ya baridi yabisi.

Kijidudu kiitwacho streptokoki huingia koo la mtoto, zaidi kati ya miaka 5 na 15. Watoto wanne wakilala mkeka mmoja, hupita upesi. Koo hupona lenyewe kwa siku chache, na mama hushukuru. Lakini kwa watoto wengine, juma la pili au la tatu, askari wa mwili wanakosea: badala ya mwizi wanampiga mwenye nyumba. (Lupusi nayo ni kosa la namna hiyo, nayo hugusa moyo wa vijana, hasa wanawake.) Leo goti linavimba, kesho kiwiko. Watu husema, "Alibeba magunia mengi." Maumivu ya viungo huisha, jeraha la moyo laweza kubaki.

Aliyeona pampu ya kutoa maji shimoni, Namoya au Salamabila, anajua valvu ikichakaa maji hurudi chini. Moyo una valvu nne. Zikiharibika, damu hurudi nyuma na moyo unachoka. Kijana wa miaka 20 anahema akipanda kilima kidogo, usiku hawezi kulala chali, miguu inavimba. Wanawake wengine hujulikana wakiwa tayari na mimba, na hapo hatari ni kubwa.

Dawa ni ya zamani: penisilini. Koo likiuma pamoja na homa, bila mafua wala kikohozi, mpelekeni mtoto kituo cha afya. Kukata kilimi hakuui kijidudu. Aliyekwisha kupata homa hiyo huchomwa sindano kila majuma 3 au 4, kwa miaka mingi. Inauma, hatufichi. Lakini huko Gulu, Uganda, watoto na vijana 818 wenye valvu zilizoanza kuguswa walifuatwa miaka 2. Matokeo yalitolewa 2021: kati ya waliochomwa, ugonjwa uliendelea kwa 3, kati ya wasiochomwa, kwa 33.

Kwetu shida ni kuhama. Dhahabu ikitajwa upande wa Kabambare, baba anaondoa jamaa Kasongo, na sindano inasahauliwa. Kadi ya sindano ifungwe pamoja na vyombo vya safari. Mkifika, ionyesheni kwa muuguzi kabla tarehe yake haijapita.