Noeli ni Moja, Desturi ni Nyingi

Somo kwa wakatekumeni, kwa siku za Majilio

Tuweke mfano wa ndugu wawili, wana wa mama mmoja, waliotenganishwa na Ziwa Albert. Mkubwa ni fundi wa cherehani katika Bunia. Mdogo yuko Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali. Alivuka maji mwanzoni mwa mwaka 2018, wakati maelfu ya watu wa Djugu walipokimbia mauaji, wengi wao kwa mitumbwi. Wote wawili ni wakatekumeni, na kila mmoja anautazamia Ubatizo upande wake wa ziwa.

Siku iliyofuata Noeli, mdogo akapiga simu. Akasikia mlio wa cherehani, akastaajabu. "Kaka, wafanya kazi leo? Huku ofisi zimefungwa, nasi tungali katika sikukuu." Mkubwa akajibu, "Mdogo wangu, leo ni tarehe 26. Huku ni siku ya kazi." Mdogo akasema, "Kumbe ninyi wa Bunia mwapenda fedha kuliko Noeli!" Simu ikakatika, na moyo wa mkubwa ukabaki na uchungu. Jioni akaenda kwa katekista, akauliza, "Mwalimu, je, nimetenda dhambi?"

Swali hilo si dogo, maana watu wengi wamehukumiana kwa ajili ya siku. Ili kulijibu yafaa kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyafunga katika mzigo mmoja.

1. Moto, kuni na mafiga

Mama apikaye anahitaji moto, kuni na mafiga. Moto ni uleule kila mahali. Kuni ni za msitu wa karibu: huku mkaratusi, kule msonobari. Mafiga huusaidia moto kukaa vizuri chini ya chungu.

Ndivyo ilivyo Noeli. Moto ni fumbo lenyewe: Mwana wa Mungu amezaliwa mtu. Kuni ni desturi: nyimbo, chakula, nguo mpya, miti iliyopambwa, zawadi. Kila nchi hutumia zake. Mafiga ni siku ya mapumziko ambayo serikali huitoa kwa sheria ili watu wasiende kazini.

Hata neno letu lafundisha hayo. Kiswahili husema "sikukuu", yaani siku iliyo kuu. Waganda nao huiita Noeli "Ssekukkulu", jina lililotokana na neno hilihili. Halisemi siku ya kulala wala siku ya kufunga ofisi. Lasema ukuu wa siku, na ukuu huo watoka kwa Yule aliyezaliwa.

2. Kwa nini siku mbili kule na moja huku

Mbona basi Uganda wapumzika tarehe 25 na tarehe 26, na Kongo tarehe 25 tu? Sababu si imani kubwa wala imani ndogo. Sababu ni historia.

Uganda, Kenya na Tanganyika zilitawaliwa na Waingereza. Katika Uingereza ilikuwako desturi ya kuwapa watumishi na wachukuzi sanduku la zawadi baada ya Noeli, kwa kuwa siku yenyewe walikuwa wakiwahudumia wengine. Mwaka 1871 sheria ya Uingereza ikaiweka tarehe 26 Desemba kuwa siku ya mapumziko, na Waingereza wakaja na kalenda yao Afrika ya Mashariki. Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji, na katika Ubelgiji tarehe 26 si siku ya mapumziko ya taifa. Uhuru ulipokuja, Kongo mwaka 1960, Tanganyika 1961, Uganda 1962 na Kenya 1963, kila nchi ilibaki na sehemu kubwa ya kalenda iliyoizoea.

Shule nazo zaonyesha jambo hilo. Mtoto wa Bunia huanza mwaka wa masomo Septemba. Noeli humkuta katikati ya mwaka, hupumzika majuma machache, kisha hurudi kwenye daftari lilelile. Mtoto wa Uganda humaliza mwaka wake kabla ya Noeli, akaingia darasa jipya baada ya likizo ndefu. Binamu wawili wakikutana Desemba, mmoja amekwisha kupanda darasa, mwingine bado. Hakuna aliye mvivu kati yao.

Tena kila taifa huongeza siku za kumbukumbu yake. Januari ya Kongo ina siku nne: tarehe 1, Mwaka Mpya, tarehe 4, kuwakumbuka waliouawa Léopoldville mwaka 1959 wakidai uhuru, tarehe 16, kumkumbuka Laurent-Désiré Kabila aliyeuawa mwaka 2001, na tarehe 17, kumkumbuka Patrice Lumumba aliyeuawa mwaka 1961. Tanzania hukumbuka uhuru wa Tanganyika tarehe 9 Desemba na Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 tarehe 12 Januari. Kenya ina Sikukuu ya Jamhuri tarehe 12 Desemba. Uganda hupumzika tarehe 26 Januari. Mwenye kuhesabu siku za mapumziko ili ajue nani Mkristu bora atapotea katika hesabu yake.

3. Baridi ya kaskazini na kiangazi cha Ituri

Wengine huona picha za Noeli zenye theluji na mti wenye mishumaa, wakadhani kwamba pasipo hayo Noeli haijatimia. Hao wamezichukua kuni kuwa moto.

Katika Ulaya Desemba ni wakati wa baridi kali na giza. Huko Ubelgiji, siku za Noeli, jua huchomoza karibu saa tatu kasoro robo asubuhi na kutua kabla ya saa kumi na moja jioni. Mchana haufiki saa nane. Miti mingi imepukutika majani. Ndiyo maana watu wa kule waliupenda mti usiopoteza ubichi wake, wakauingiza nyumbani, wakawasha taa nyingi. Katika Uswidi tarehe 13 Desemba, siku ya Mtakatifu Lusia, wasichana huvaa nguo nyeupe na kubeba mishumaa asubuhi gizani. Mtu aliyekaa katika giza muda mrefu hufahamu upesi maana ya Nuru.

Zawadi nazo hazina siku moja. Watoto wa Ubelgiji huzingojea tarehe 6 Desemba, siku ya Mtakatifu Nikolasi. Watoto wa Hispania huzingojea tarehe 6 Januari, siku ya Epifania, kwa kuwa Mamajusi walimletea Mtoto zawadi. Katika Australia Desemba ni wakati wa joto, na watu wengi husherehekea nje, hata pwani.

Katika Bunia, karibu na ikweta, mchana na usiku hulingana mwaka mzima, na Noeli huja wakati mvua zimepungua na vumbi limeanza njiani. Mkristu wa Ituri haoni theluji, wala haimpasi kuitafuta. Migomba, makuti na maua ya kwake yatosha kulipamba Pango. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, alipolitengeneza Pango huko Greccio mwaka 1223, alitaka watu waone kwa macho umaskini wa Bethlehemu. Naye alitumia vitu vya kijiji: majani makavu, ng'ombe na punda.

Kongo ina hata taa yake ya Desemba. Tarehe 1 ya mwezi huo ni kumbukumbu ya Mwenye heri Anuarite, mtawa aliyeuawa Isiro mwaka 1964, na kutangazwa Mwenye heri Kinshasa mwaka 1985. Mara nyingi Majilio ya Wakongo yaanza karibu na jina lake.

4. Wanaoingojea tarehe 7 Januari

Wako Wakristu wanaoadhimisha Noeli tarehe 7 Januari, kama Waethiopia, Wakopti wa Misri na Warusi. Je, wamekosea?

Hapana. Zamani Wakristu wengi walifuata kalenda ya Julius Caesar. Kalenda hiyo ilichelewa kidogo kidogo nyuma ya mwendo wa jua, hata mwaka 1582 Papa Gregori wa XIII akaisahihisha. Siku kumi zikarukwa: mahali ilipopokelewa mara moja, aliyelala tarehe 4 Oktoba aliamka tarehe 15. Makanisa mengine yakabaki na hesabu za kale, na leo tofauti imefika siku 13. Kwa hiyo Noeli yao huangukia 7 Januari yetu.

Katika Ethiopia siku hiyo huitwa Ganna. Hutanguliwa na mfungo mrefu, na vijana hucheza mchezo wa fimbo na mpira wenye jina hilohilo. Katika Misri, ambako Waislamu ndio wengi, tarehe 7 Januari ni siku ya mapumziko kwa watu wote tangu mwaka 2003. Jirani mwenye imani nyingine anaweza kuiheshimu siku yako. Nawe iheshimu yake.

5. Mafiga yalipoondolewa

Wazee wa Bunia wanakumbuka jambo ambalo vijana hawakuliona. Mwaka 1974, nchi ilipoitwa Zaire, serikali ya Rais Mobutu iliitoa Noeli katika orodha ya siku za mapumziko. Tarehe 25 Desemba ya mwaka ule, siku ya Jumatano, ikawa siku ya kazi. Miaka miwili kabla yake majina ya Kikristu yalikuwa yamekatazwa.

Serikali iliondoa mafiga. Moto haikuweza kuuzima. Kanisa halikuifuta Noeli katika kalenda yake, wala halikuwanyima watoto Ubatizo. Baadaye siku ilirudishwa, na leo tarehe 25 Desemba watu wa Kongo wapumzika.

Kongo haikuwa peke yake. Katika Kuba Noeli iliondolewa mwaka 1969, ikarudi kwa ajili ya ziara ya Papa Yohane Paulo wa II, aliyefika Januari 1998. Katika Scotland, nchi ya Wakristu, watu wengi walikwenda kazini siku ya Noeli hata mwaka 1958, kwa sababu Waprotestanti wa kule hawakuipenda sherehe hiyo. Katika Japani tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi hata leo, na Wakatoliki wa kule huenda Misa kabla ya kazi au baada yake. Wengine hutoka Misa usiku, wakaingia kiwandani asubuhi. Nani atasema kwamba hawana Noeli?

6. Nani apumzike?

Liko kosa jingine, nalo hutendwa na wenye mapumziko. Mtu husema, "Leo hakuna kazi," kumbe maana yake ni kwamba yeye hana kazi. Mke ameamka kabla ya jogoo kuteka maji. Binti amekaa jikoni hata Injili imempita. Kijana wa mifugo yuko malishoni, wala hakuna aliyemkumbuka kwa sahani ya wali.

Mungu alipoamuru siku ya mapumziko, hakumtaja mwenye nyumba tu. Aliwataja mtumishi na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye malangoni (Kumb. 5:14). Tena habari ya kwanza ya Noeli haikupelekwa kwa watu waliopumzika. Ilipelekwa kwa wachungaji waliokuwa kazini usiku. Basi nyumba ya Kikristu igawanye kazi ya sikukuu: wengine waende Misa ya usiku, wengine Misa ya mchana, wanaume wachanje kuni na kuteka maji. Hapo ile desturi ya sanduku la watumishi itakuwa imepata maana yake.

7. Jibu la katekista

Katekista alimjibu yule fundi hivi: "Mwanangu, tarehe 25 ulikuja Misa?" "Nilikuja, Mwalimu." "Basi hukutenda dhambi. Tarehe 26 Kanisa lamkumbuka Mtakatifu Stefano, shahidi wa kwanza. Ni siku njema, lakini si sikukuu iliyoamriwa. Cherehani yako haikumkosea Mungu. Lakini mdogo wako yu ugenini, amepoteza nyumba na shamba. Siku ile ya pili ya mapumziko, labda alikaa bila kazi na bila jamaa. Usiyapime maneno yake. Upime upweke wake."

Usiku uleule mkubwa akapiga simu. Hakuanza na habari ya tarehe. Aliuliza, "Mdogo wangu, mlikula nini siku ya Noeli?" Wakaongea mpaka salio likaisha.

Maulizo

Noeli ni nini?
Ni sikukuu ya kuzaliwa kwake Yesu Kristu, Mwana wa Mungu aliyefanyika mtu kwa ajili yetu.

Nani hutoa siku ya mapumziko?
Serikali ya kila nchi, kwa sheria yake. Aweza kuitoa, aweza kuiondoa.

Je, mtu aliyezuiwa kwenda Misa siku ya sikukuu iliyoamriwa ana dhambi?
Hana, ikiwa sababu ni kubwa kweli, kama ugonjwa, au kumtunza mtoto mchanga. Na asali nyumbani kadiri awezavyo.

Je, yafaa kuwacheka Wakristu wenye desturi nyingine?
Haifai. Kuni ni mbalimbali, moto ni mmoja.

La kutenda

Kabla ya Noeli kila mkatekumeni amtafute mtu mmoja ambaye siku hiyo hatapumzika: mlinzi wa usiku, muuguzi wa hospitali, mama mwenye mgonjwa, mkimbizi asiye na jamaa. Ampelekee chakula, au amshikie kazi yake kwa saa moja ili naye aende kulitazama Pango.