Macho Makavu ya Mutoto

Mama, munganga akikuuliza, "Unataka nini?" mara nyingi unajibu: "Nataka dawa ya kutia ndani ya macho." Lakini wewe unataka mutoto aone. Haya ni maneno mawili.

Umuangalie mutoto saa ya mangaribi. Anajigonga? Anapapasa sahani yake? Macho hayangai tena, ao iko alama nyeupe sawa povu? Macho yanakauka kwa sababu mwili umekosa vitamini A. Surua na kuhara vinazidisha hatari. Dawa ya matone peke yake haiwezi kurudisha vitamini hiyo.

Umulete leo. Atapewa vitamini A kwa kinywa: leo, kesho, na tena kisha majuma 2. Usiache ile ya 3, hata akianza kuona vizuri. Ukikawia, jicho linaweza kupasuka, na hakuna dawa ya kulirudisha.

Nyumbani umupe sombe ao lengalenga na mafuta ya mawese, papai ya kuiva, na maini. Usichome mawese mpaka rangi nyekundu inapotea. Mutoto mudogo aendelee kunyonya.

Maulizo: Mangaribi ya leo utaangalia nini? Vitamini A inatolewa mara ngapi?