Fedha ya Pamba na Ghala Tupu

SWALI: Bwana Mshauri, mume wangu aliuza pamba mwezi Juni, akarejea nyumbani Somanda, Bariadi, na kochi jipya, ilhali ghala halina hata debe la mtama. Nifanyeje?

JIBU: Bibi mpendwa, kwa kuwa pamba ya Bariadi huuzwa mara moja tu kwa mwaka, na fedha yake haina budi kuwavusha hadi msimu mwingine, ilikuwa wajibu wenu kuihesabu pamoja, magunia ya nafaka yakitangulia kununuliwa kabla bei haijapanda. Kochi (nami nakiri huenda ningelitamani) msiliuze kwa hasara. Bali viazi vitamu vilivyobaki shambani vikateni michembe, mkaianike juani, nayo itawasitiri. Mwakani, nenda naye kuuza pamba.