KAZI YA MFAMASIA: NANI ANALIPA?

Ndugu wanafunzi, zaidi ninyi wa Kemia-Biolojia, musiulize tu mshahara ni kiasi gani. Ulizeni pia: nani analipa, na kwa muda gani?

1. Serikali, kama hospitali kuu ya Fizi: kazi inadumu, lakini wengi wanangoja matrikule miaka mingi. Wanaishi kwa primi, nayo inatoka kwa malipo ya wagonjwa.

2. Mashirika ya nje, kama MSF iliyoanza Baraka 2003: malipo ni mazuri. Mradi ukifungwa, mkataba umekwisha.

3. Depo ya madawa ya 8ème CEPAC, Bukavu: depo moja haihitaji wafamasia wengi.

4. Farmasi yako mwenyewe: inadai mtaji kwanza.

Basi, kabla ya kupanda Bukavu kusoma, tayarisha njia mbili, si moja.