Mshubiri wa Ndani Wakati wa Baridi: Maji Kidogo, Mwanga wa Kutosha, Jiko Mbali

Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi katika Kaunti ya Nyandarua. Sehemu kubwa ya Kinangop iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mawingu yanaweza kufunika jua siku kadhaa mfululizo. Katika kipindi hiki wakazi wengi huingiza ndani mimea iliyopandwa kwenye mikebe, hasa mshubiri, yaani alovera. Septemba ikifika, mingi huwa imeoza, na lawama zote hutupiwa baridi. Mara nyingi kilichouua ni maji.

Kwa nini maji huua

Mshubiri ni mmea wa nchi kavu na asili yake ni Bara Arabu. Huweka akiba ya maji ndani ya majani yake manene. Hewa ikipoa na jua likipungua, mmea hukua polepole na hunywa maji kidogo sana. Udongo nao huchelewa kukauka. Anayeendelea kuumwagilia kila wiki kama alivyofanya mwezi wa Februari huiacha mizizi ndani ya matope. Mizizi hukosa hewa, kisha huoza.

Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti kikavu hadi karibu na sakafu ya mkebe, kisha ukichomoe. Kikitoka na udongo mbichi, ngoja. Kikitoka kikavu, mwagilia mchana kwa maji yasiyo baridi sana, na umwage yanayobaki kwenye kisahani. Katika nyumba yenye baridi, mmea unaweza kukaa wiki tatu au zaidi bila kuhitaji maji.

Hakikisha mkebe una matundu chini. Msumari na nyundo vinatosha kuyatoboa. Mbolea na kuhamishia mmea kwenye chombo kikubwa ni kazi za kungoja joto lirudi.

Dirisha lipi?

Vitabu vingi vya Ulaya hushauri mmea uwekwe kwenye dirisha la kusini. Ushauri huo haufai hapa. Nyandarua iko karibu kabisa na ikweta, na kuanzia Juni hadi Agosti jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini ndilo hupata jua hilo. La magharibi pia hufaa, kwa kuwa mara nyingi mawingu ya asubuhi hutawanyika alasiri. Mwezi wa Desemba jua huwa limehamia kusini, na mmea unaweza kuhamishwa.

Usiku, usogeze mmea mbali kidogo na kioo. Ukiachwa kati ya pazia na kioo, hukosa joto la chumba, na jani linalogusa kioo huumia kwanza.

Tahadhari na sakitu

Sakitu, yaani umande ulioganda, huja usiku mkavu usio na mawingu wala upepo, kwa sababu joto la ardhi hupotelea angani. Ndiyo maana katika nyanda za juu huweza kupiga hata kati ya Desemba na Februari, wakati mchana ni wa jua kali. Jioni ikiwa tulivu na nyota zote zikionekana, ingiza mimea ndani, hata kama si msimu wa baridi.

Dalili na tiba

Majani membamba yenye mikunjo: mmea una kiu. Mwagilia.

Majani marefu, yaliyopauka na kulala: mwanga hautoshi. Sogeza karibu na dirisha.

Majani laini yenye majimaji, na shina jeusi chini: mizizi inaoza. Ng'oa mmea, kata sehemu zilizooza kwa kisu safi, uache kivulini siku chache hadi kidonda kikauke. Kisha upande kwenye udongo mkavu uliochanganywa na mchanga, na usimwagilie kwa wiki nzima.

Jani lililopigwa na sakitu: usiukimbize mmea juani. Ngoja ionekane sehemu gani imekufa, ndipo ukate.

Jiko lisilale ndani

Kuna wanaowasha jiko la makaa chumbani ili watu na mimea wapate joto, kisha wakafunga madirisha na kulala. Jambo hili ni la hatari kubwa. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua familia nzima usingizini. Mmea wa ndani hauwezi kuisafisha hewa hiyo, uwe mmoja au kumi. Makaa yaliyofifia bado hutoa sumu, kwa hiyo jiko litolewe nje kabla ya kulala. Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, atolewe nje mara moja na apelekwe hospitalini.

Mmea ukihitaji kinga zaidi usiku, zungushia mkebe gunia au magazeti ya zamani. Nguo nzito na blanketi ni za watu.

Wenye watoto wadogo, mbwa au paka wauweke mmea mahali wasipofikia. Utomvu wa manjano ulio chini ya ngozi ya jani huharisha.

Mkazi ambaye mmea wake unaendelea kuharibika baada ya hatua hizi anaweza kubeba jani lililoathirika na kulipeleka kwa afisa wa kilimo wa wadi yake.